Ndama wa Siku ya Kubariki Mbegu

Juzi nilipeleka gauni kwa mteja wangu mmoja hapa Msamala, Songea, mama wa makamo anayefuga ng'ombe nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani. Ng'ombe mwenyewe ni wa yale madoa meusi na meupe. Mteja akaingia ndani kujaribu gauni, mimi nikasubiri uani, na kwa kuwa mikono ya fundi cherehani haijui kukaa bure, nikamshika yule ng'ombe sikio. Vidole vikaingia vyenyewe, vikapapasa penye manyoya laini, na kabla sijajua ninachotafuta nilikuwa nimeshang'oa kupe aliyeshiba. Mteja alipotoka amevaa gauni lake akanikuta nimembana yule mdudu kwa kucha mbili, nikitafuta pa kumtupa. Akaniuliza kama mafundi wa siku hizi wanasomea na mifugo. Nikamwambia amwangalie na chini ya mkia, maana ukimkuta mmoja sikioni, wenzake wako mkiani.

Ndugu yangu, mimi nimekulia kwenye kupe. Wewe labda ulikulia kwenye mpira wa makaratasi na kuruka kamba, na mimi nilivicheza, lakini baada ya kazi. Nilikaa kwa bibi yangu, mzaa mama, kijiji kimoja cha upande wa Peramiho, mbali kidogo na barabara kubwa. Mama alikuwa akifanya kazi mjini Songea, akija mwisho wa mwezi na sukari na sabuni. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mbele kuna kahawa chache, nyuma kuna nguruwe. Bibi alikuwa mfugaji wa nguruwe tangu ujana wake, na nguruwe aliwajua vizuri kuliko alivyonijua mimi. Ng'ombe hakuwa fani yake. Ng'ombe walimjia uzeeni, kwa mlango wa mradi.

Mradi ule ulikuwa wa ng'ombe wa maziwa, na utaratibu wake ulikuwa wa kupokezana. Unapewa mtamba mwenye mimba, unamfuga, maziwa ni yako. Lakini ndama jike wa kwanza si wako. Unamlea mpaka awe mkubwa, kisha unampa jirani anayefuata, na yeye wa kwake wa kwanza anampa mwingine, hivyo hivyo mpaka kijiji kizima kinywe maziwa. Masharti hayakuwa machache. Uwe na banda lenye paa, uwe na shamba la majani ya mabingobingo ya kumlisha, ng'ombe asitoke nje kwenda kuchungwa. Na nyumbani kwako kusiwe na ng'ombe wa kienyeji, kwa sababu hao huleta kupe. Bibi aliyakubali yote bila kubisha, jambo ambalo lingetutia mashaka kama tungekuwa na akili.

Ng'ombe alipofika alikuwa mweusi kichwani, na shingoni mweupe kabisa, tena mpole, akitembea kwa hatua za utaratibu. Bibi akamwita Sista. Katekista alikuja kulalamika kwa adabu kwamba jina lile halifai kwa mnyama. Bibi akamwambia asubiri azae kwanza, halafu waongee. Sista akazaa ndama dume, maziwa yakajaa ndoo, katekista akaletewa kikombe cha moto chenye majani ya mchaichai, na hoja ile haikurudi tena.

Maisha yetu yakageuka kuwa ya Sista. Alfajiri nilikwenda kukata mabingobingo yenye umande, yanakata mikono kama wembe, nikirudi nimelowa mpaka kiunoni. Bibi alichanganya pumba na chumvi kwenye hori, harufu yake ilikuwa nzuri mpaka mimi mwenyewe niliwahi kuionja. Halafu alikamua, na mpaka leo nikisikia maji ya bomba yakianza kuingia kwenye ndoo tupu nakumbuka mlio ule, kwanza mkali, kisha unazidi kuwa mzito kadiri ndoo inavyojaa. Uji wetu ulibadilika rangi. Jioni tulikula ugali na maziwa ya mgando, na wakati wa masuku nilirudi kutoka porini tumbo limejaa matunda hayo, bado nikapata nafasi ya maziwa.

Jioni, kabla ya ugali, ilikuwa saa ya kupe. Dawa ya kunyunyizia ilikuwepo, lakini bibi hakuiamini peke yake. Nilipewa kopo lenye mafuta ya taa kidogo, na kazi yangu ilikuwa kupapasa masikio, chini ya mkia, na kwenye kiwele, halafu kung'oa na kutumbukiza. Kumpasua kwa kucha ilikuwa marufuku. Kuku walitufuata nyuma kudokoa waliodondoka. Ingawa Sista hakutoka bandani, kupe walimfuata kwenye majani tuliyomletea, na waliomfikia walinenepa wakawa kama maharage. Yeye alisimama tu, ametulia, anatafuna, kama vile damu haikuwa yake.

Ng'ambo ya kijito alikaa mke wa seremala, ambaye ndiye alikuwa jirani anayefuata. Alikuwa mdogo kwa bibi kwa miaka mingi, akimwita mama, na bibi akimwita mwanangu, na kila asubuhi wakitupiana salamu kuvuka maji: shikamoo, marahaba, umeamkaje, watoto wameamkaje, maharage yanasemaje. Alikuwa na watoto wengi wadogo na uji wao ulikuwa wa maji. Kwao kulikuwa na ng'ombe wa kienyeji wachache, wa urithi, wafupi wenye nundu, pamoja na fahali mmoja wa rangi ya udongo. Majike wale walitoa maziwa ya kikombe, tena kwa kubembelezwa.

Basi mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshakuwa bingwa wa kupe, nilikuwa nikienda kwa mke wa seremala kucheza na wanawe na kuwapapasa ng'ombe wake masikio. Kwa kweli sikupata kazi. Walichungwa porini kutwa, penye majani yaliyojaa kupe, na bado nilichokipata kwao ni vikupe vidogo vikavu kama ufuta, vimeng'ang'ania bila kushiba. Ngozi zao zilikuwa zinatikisika zenyewe ukizigusa. Walijilamba, walijipigapiga kwa mkia, walijisugua kwenye miti. Nilimwuliza bwana mifugo, kijana aliyekuja na pikipiki kumkagua Sista, kwa nini kupe wanampenda Sista kuliko hawa. Akacheka, halafu akanijibu kama mtu mzima. Akasema ng'ombe wa kienyeji na kupe wamejuana tangu mababu, ngozi yake inajua kumkatalia. Ndama wake huumwa kidogo ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, angali ananyonya, akipona mwili unaikumbuka maisha yake yote. Sista ametoka kwenye ukoo wa nchi za baridi, ambako kupe wa huku hawajulikani, kwa hiyo yeye ni mgeni asiye na habari. Ndiyo maana wanamwogesha kwa dawa kila wiki na kumfungia bandani. Akaongeza kwamba kila kitu kina bei yake, kwa maana wale wa kienyeji wanaishi, lakini hawakamuliki. Bibi aliyasikia yote yale, akatikisa kichwa, na nadhani aliyapokea kama anavyopokea mahubiri ya Jumapili, yaani aliyakubali bila kufikiri kwamba yanamhusu.

Ndama dume wa Sista hakuhesabika, kwa hiyo mke wa seremala akaendelea kusubiri. Hakusubiri kwa kukaa. Alipanda mabingobingo, na mumewe akajenga banda la mbao zilizopigwa randa, lenye sakafu ya mawe na mfereji, mpaka watu wakamtania kwamba afadhali yeye na mkewe wahamie humo, ng'ombe aachiwe nyumba. Kilichobaki ni ndama jike tu, na huyo ndama alikuwa aje kutoka kwetu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kwetu mvua za kwanza zikikaribia kulikuwa na Jumapili ya kubariki mbegu. Watu walikwenda kigangoni na mahindi na maharage kwenye vikapu, majembe begani, na waliokuwa na kuku au mbuzi waliwapeleka nao. Wiki ile Sista alikuwa hajatulia. Aligoma kula, akalia tangu Jumamosi jioni, akizungukazunguka bandani. Mfugaji wa ng'ombe angejua mara moja kwamba ng'ombe anataka dume, na kwamba ni wakati wa kumwita bwana mifugo aje na mirija yake ya mbegu za kisasa. Bibi alikuwa mtu wa nguruwe. Yeye aliona ng'ombe mgonjwa, tena mgonjwa siku ya baraka, na hapo akaona njia imeshafunguka. Nilimkumbusha kwamba Sista haruhusiwi kutoka. Akaniambia mradi umekataza kwenda kuchungwa, haujakataza kwenda kanisani.

Tukamwogesha, tukamfunga kitambaa chekundu shingoni, tukaondoka naye kwa kamba. Alipendeza, nakwambia. Watu walisimama njiani kumtazama. Uwanjani mbele ya kigango wanyama walipangwa upande wa kushoto, na mke wa seremala naye alikuwepo, amekuja na yule fahali wa rangi ya udongo, kwa sababu alisikia kwamba bibi anamleta Sista na hakutaka kwao wakose cha kubarikiwa.

Padri alianza na mbegu. Alipofika kwa wanyama, akiwa ameshika mtungi na tawi la kunyunyizia, fahali alikata kamba. Sikumwona akija, nilimwona ameshafika. Akampanda Sista mbele ya kanisa zima, na Sista, ambaye tangu jana alikuwa analia, akanyamaza. Wanakwaya walikuwa katikati ya ubeti, wakaendelea, maana mwalimu wao hakuwapa ishara ya kuacha. Wanaume waliangalia juu, wakinamama waliangalia chini, watoto tulitazama kila kitu. Padri alikuwa mtu mzima mwenye busara. Alinyunyiza alipokuwa amefika, maji yakawadondokea wote wawili, akasogea kwa mbuzi.

Tukarudi nyumbani. Jioni ile Sista alikula vizuri, na masikio yake yalikuwa na kupe wengi kuliko siku nyingine yoyote. Bibi alisema baraka imemponya. Bwana mifugo alipokuja na kusikia habari, alikaa kwenye kiti muda mrefu, kofia yake ya pikipiki mapajani, halafu akaomba maji ya kunywa.

Mimba ikashika. Na ndama akazaliwa jike, ndiyo, jike, ila mwekundu wa udongo kama baba yake, na doa moja jeupe tumboni, na pale juu ya mabega, ukipapasa, kuna kinundu. Bibi akamwita Baraka. Kamati ya mradi ikaja, ikamtazama kwa mbele na kwa nyuma, ikasema huyu ni chotara na hahesabiki, auzwe, na tusubiri uzao mwingine. Bibi akasema ndama aliyezaliwa ndani ya kibali cha Mungu hauzwi. Halafu akavuka kijito kwenda kumwuliza mke wa seremala kama atampokea hivyo hivyo alivyo, ili asizidi kungoja.

Nilikwenda naye. Mke wa seremala alikuwa amesimama mlangoni mwa lile banda zuri, mtoto mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ng'ombe wa nundu ninao tayari. Banda hili nilimjengea mtoto wa Sista. Ungemwacha nyumbani kama ulivyoambiwa."

Bibi akamjibu, "Mwanangu, wangu alitoka nyumbani kwa kamba na akarudi kwa kamba. Aliyekata kamba ni wako."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Tangu siku ile salamu za ng'ambo ya kijito zikafupika. Shikamoo ilibaki, maana heshima haivunjwi kwa sababu ya ng'ombe, lakini ilibaki shikamoo tupu, na marahaba tupu. Habari za watoto na za maharage zikakoma. Bibi alikuwa akisimama kidogo baada ya kuitikia, kama anayengoja kitu, halafu anaendelea na kazi. Niliumia kumwona vile. Nilimchukia mke wa seremala kwa muda, halafu nikikaa kwao nikinywa uji wao wa maji, nashindwa kumchukia.

Uzao uliofuata bwana mifugo aliusimamia kama harusi. Sista hakutolewa hata pua. Akazaliwa jike safi, mweusi na mweupe, na alipokuwa mkubwa wa kutosha akafungwa kanga shingoni, akavushwa kijito kwa nyimbo. Mke wa seremala alimpa jina Malkia. Kabla ya hapo, kwa kufuata masharti, ng'ombe wake wa urithi walikuwa wameshauzwa wote. Wanunuzi waliwaswaga asubuhi kuelekea mjini, fahali akiwa mbele, na mama yule aliendelea kuosha vyombo mgongo wake ukiwa umeelekea njiani. Bibi aliona.

Na Baraka je? Baraka alikulia nyuma ya banda la nguruwe, mahali ambapo kamati haikupenda kupita. Alikula mabaki ya Sista na majani ya kando ya kijito, akiwa amefungwa kwa kamba ndefu. Kupe aliwapata tangu utoto. Siku moja akiwa mdogo alivimba tezi chini ya sikio, akakataa kunyonya, nikalia nikijua anakufa, kesho yake akanyonya. Sikumpapasa sana, kwa sababu zamu yangu iliishia kwa Sista na giza lilikuwa limeingia. Nilipompapasa niliwakuta wakubwa wachache, na wengi wao walikuwa wale wadogo wakavu kama wa ng'ombe wa ng'ambo. Ngozi yake nayo ilitikisika. Alikuwa na teke la ghafla na macho ya mtu aliyekwisha kuamua. Kijijini walimtania bibi kwamba amefuga nusu ng'ombe. Bibi akawajibu heri nusu shari kuliko shari kamili, wakacheka, naye akacheka.

Masika yaliyofuata yalikuwa mabaya. Mvua ilinyesha mpaka barabara ikakatika penye daraja, dawa ya kuogesha ikawa haipatikani, na aliyekuwa na kichupa alikitunza. Sisi ya kwetu iliisha mapema. Mke wa seremala alikuwa na mabaki, akawa anaongeza maji kila wiki ili ifike mwisho wa mvua. Bwana mifugo alikuja kusema baadaye kwamba dawa iliyozimuliwa ni kuwaogesha kupe ili wapendeze, lakini alilisema kwa upole, na wakati huo lilikuwa halisaidii tena.

Sista alianza kwa kuacha kula. Tezi zikavimba, mwili ukawa wa moto, akawa anapumua kwa nguvu na povu likimtoka puani. Ndigana kali. Bwana mifugo alifika kwa miguu, pikipiki ameiacha ng'ambo ya daraja, akamchoma sindano aliyokuwa nayo. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya ng'ombe mmoja tu, na Sista alikuwa ameshachelewa. Alikufa asubuhi, akiwa amelala kwa utaratibu kama alivyoishi. Tulikuwa hatujamaliza kumfukia tuliposikia kilio kutoka ng'ambo ya kijito, nikajua Malkia naye amekufa.

Baraka, kwenye mvua ile ile, kwenye kupe wale wale, alikonda kidogo. Basi. Tena alikuwa na mimba. Usije ukaniambia chotara wote wako hivyo, maana kijiji cha pili walikuwa naye mmoja na alikufa wiki ile ile. Bwana mifugo alisema damu ikichanganywa haigawanyiki sawasawa kama ugali, mwingine anachukua ngozi ya baba, mwingine anachukua madoa ya mama tu. Wetu alichukua ngozi ya baba.

Nilidhani bibi angefurahi kimoyomoyo, maana aliyedharauliwa ndiye aliyebaki. Hakufurahi. Siku zile alikuwa akitazama ng'ambo mara kwa mara. Kule kulikuwa na banda la mbao za kupigwa randa, sakafu ya mawe, shamba la mabingobingo limesimama juu ya vichwa vya watu, na hakuna mnyama. Mke wa seremala alikuwa amefuata kila sharti. Aliuza wake, akangoja wa watu, akampata, akamzika. Mradi ulikuwa umeshahesabu kwamba kwake umemaliza, na bibi naye, kwa hesabu zozote, alikuwa amemaliza.

Baraka alipozaa, bibi alisubiri ndama apate nguvu. Halafu asubuhi moja akamfungua mama mtu, akaniambia nimshike ndama, tukavuka. Mke wa seremala alikuwa anapepeta mahindi. Alipotuona akasimama, akatoa shikamoo yake ile tupu. Bibi akaitikia, halafu akasema, "Mwanangu, huyu ni mtoto wa fahali wako. Ng'ombe wako wote wameondoka, amebaki yeye. Kwenu ni kwake pia. Mimi sina banda kama hili wala majani haya, wewe huna ng'ombe. Akae hapa. Asubuhi tukamue sisi, jioni mkamue ninyi."

Mke wa seremala aliweka ungo chini. Alitembea mpaka kwa Baraka, akampapasa kwenye nundu, na Baraka, ambaye angempiga teke hata askofu, akatulia. Mama yule akalia. Hakulia kwa sauti, alilia tu huku akiendelea kupapasa, kisha akafungua mlango wa banda. Alipomaliza kumfunga alimgeukia bibi akamwuliza maharage yanasemaje.

Ikawa hivyo kwa miaka. Baraka hakuwa wa kujivunia. Maziwa yake hayakufika nusu ya yale ya Sista, na hakuyaachia mpaka ndama awe ubavuni anamsukumasukuma, tabia ya upande wa baba. Kwa sababu hiyo alfajiri ilibidi nivuke na kindoo, na mmoja wa watoto wa seremala amshike ndama, na mwingine amwimbie, maana aliamua pia kwamba anapenda kuimbiwa. Jioni bibi alivuka yeye, eti kuangalia kama wanamkamua vizuri, na alirudi giza limeingia, amekula huko. Uji wa nyumba zote mbili ulikuwa na rangi moja, si nyeupe sana. Kupe tuliwachuma kwa pamoja, na hawakuwa wengi.

Siku hizi nikienda kule nashuka kwenye basi dogo la Peramiho, natembea, nafika na kukuta vingi vimeondoka. Kijito kimekuwa chembamba, unavuka bila kuvua viatu. Lile banda seremala mzee anawekea mbao. Mabingobingo yamejiotea pembeni, hayana wa kuyakata. Dukani kuna maziwa ya pakiti, na mwenye ng'ombe ana wa kwake peke yake, nyuma ya geti, na chupa yake ya dawa. Siwalaumu, hata mimi mjini naishi hivyo. Nikimweleza mteja wangu kwamba nyumba mbili zilikuwa na ng'ombe mmoja na hazikugombana, anadhani nasimulia hadithi ya kanisani.

Bibi alifariki wakati mimi niko Songea nikijifunza ushonaji. Nilipofika kijijini jua lilikuwa linashuka, uani kumejaa watu, na chai inachemshwa kwenye sufuria kubwa. Nikamwona mke wa seremala anavuka kijito, ndoo ya maziwa kichwani, nyingine mkononi. Alizitua mbele yangu. Nikamwamkia. Akanishika bega akasema, "Hii ni ya asubuhi, ni yenu. Na hii ni ya jioni, ya kwetu. Leo wanangu wamekunywa uji wa maji, ili yote yawe ya mama."